Mdogo wangu kaanguka uwanjani, moyo ukasimama. Atarudi kama zamani?

Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu ana miaka 19, beki wa kulia, hajawahi kulalamika kifua. Jumamosi alianguka peke yake, hakuguswa na mtu. Akawa anatikisika, watu wakasema kifafa, mmoja anatafuta kijiko cha kumtia mdomoni! Mwalimu wao akawasukuma, akaanza kumkandamiza kifua, hakuacha mpaka walipoleta mashine ya kushtua moyo toka hospitali ya ng'ambo ya barabara. Yuko ICU siku ya nne. Jana kafumbua macho, mama akamwambia "minya mkono wangu", akauminya. Bado haongei. Atapona? Atacheza tena?

Nesi wa Usiku: Pole sana kaka. Kuminya mkono baada ya kuambiwa ni dalili njema, anasikia na anaelewa. Kila dakika bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo mwambieni daktari alikaa muda gani kabla mwalimu hajamfikia. Akianza kuongea, anaweza kuuliza swali moja mara kumi. Mjibuni tu kwa upole, kumbukumbu huchelewa.

Winga Teleza: Mkuu usikate tamaa. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka Machi 2012 akiichezea Bolton. Dakika 78 moyo haupigi wenyewe, na akapona! Mpira ndio aliacha mwaka uleule, ana miaka 24. Christian Eriksen alianguka Juni 2021 akiichezea Denmark, akawekewa kifaa cha kushtua moyo kifuani. Italia, alikokuwa na klabu ya Inter, hawakumruhusu kucheza nacho, ila Januari 2022 akasaini Brentford ya Uingereza.

Nesi wa Usiku: Winga, hao walikuwa na madaktari hatua chache tu kutoka walipoanguka. Kurudi uwanjani kunategemea chanzo. Ikiwa ni uvimbe wa misuli ya moyo baada ya virusi, wapo wanaorudi baada ya miezi ya kupumzika na kupimwa upya. Ikiwa ni misuli iliyonenepa, kama iliyomuua Marc-Vivien Foé wa Cameroon akiwa uwanjani kule Lyon 2003, mara nyingi ni ya kurithi. Kaka, kwenu yupo aliyewahi kufa ghafla akiwa kijana?

Mleta uzi: Dada, nimemuuliza mama sasa hivi. Mjomba alidondoka shambani akiwa na miaka 26. Miaka yote tunasema alirogwa.

Nesi wa Usiku: Mwambie daktari kesho asubuhi, usisubiri akuulize. Wewe na ndugu zako wote mpimwe ECG (umeme wa moyo) na ECHO (picha ya moyo). Unacheza mpira?

Mleta uzi: Kila Jumapili.

Nesi wa Usiku: Hii Jumapili usicheze, kaka. Mpaka upimwe.