Klachi inateleza na Ijumaa kuna mlima Kitonga

*Ukoo wa Moro na Iringa*

Idi: Shikamoni wakubwa. Mjomba upo? Pikipiki inanisumbua na Ijumaa ndo natoka Moro kuja Iringa kwenye harusi. Leo nimepanda kilima na gia namba nne nikavuta mafuta, injini inalia kwelikweli ila mwendo hauongezeki, halafu kuna harufu ya kitu kinaungua

Mama: Panda basi mwanangu

Mjomba: Marahaba. Hiyo klachi inateleza. Oili ulibadilisha lini na umeweka gani?

Idi: Juzijuzi tu, fundi wa kijiweni kaweka ya gari, kasema ni ya bei na inalainisha kuliko hizi zetu

Mjomba: Hapo ndo penyewe. Sikiliza, gari ya gia za mkono klachi yake ipo pakavu, haigusani na oili ya injini. Ya pikipiki yako pleti zimelala humohumo ndani ya oili. Sasa oili nyingi za gari za siku hizi zina dawa ya kupunguza msuguano, kwa gari ni vizuri maana inakula mafuta kidogo, ila klachi yako inaishi kwa huohuo msuguano, ukiutoa pleti zinapishana tu hazishikani

Dada Mwanaidi: Kwa hiyo amwage aweke nyingine yaishe?

Mjomba: Angewahi ingetosha. Ila kama imeshaanza kunuka pleti zimeungua, lazima afungue aone. Idi kwanza angalia mkono wa klachi, pale unapoanzia uwe na uhuru wa kama milimita 2 au 3 kabla haujaanza kuvuta. Kebo ikikazwa mno klachi hairudi yote, inateleza hata kama pleti ni mpya

Idi: Uhuru upo mjomba nimeangalia sasa hivi

Mjomba: Basi fungua. Na uwepo mwenyewe pale, usimwachie fundi funguo ukaenda kunywa chai

Shemeji: Si aende hivohivo polepole jamani, harusi ni Jumamosi

Mjomba: Shemeji hapana. Moro mpaka Mikumi ni tambarare nyingi atafika, hata Ruaha Mbuyuni atafika. Sasa Kitonga pale unapanda kona juu ya kona, ukuta upande huu korongo upande huu, malori yamekufuata nyuma, klachi ikikata katikati pikipiki haina nguvu hata ya kusogea pembeni. Mimi nimeona watu wanasukuma pale, sitaki kabisa kumuona mtoto wetu anasukuma

Mama: Nimesema basi

Idi: 📷 Picha
Mjomba ona, zimekuwa nyeusi

Mjomba: Zimeisha hizo. Nunua seti nzima ya pleti na springi zake, springi zikilegea hazibani. Zile pleti za chuma fundi azilaze kwenye kioo aone kama zimepinda, zikiwa na rangi ya bluu zimepata moto, badilisha. Na hizi mpya zilowekwe kwenye oili kwanza kabla ya kufungwa, mafundi wengi wana haraka wanafunga kavu. Gasketi ya kava iwe mpya usikubali ile ya zamani na silikoni

Idi: Na oili?

Mjomba: Tafuta kopo limeandikwa JASO MA au MA2, ndo alama ya oili ya pikipiki yenye klachi ndani ya oili, uzito 20W-50. Likiandikwa MB liache, hiyo ya skuta. Ile ya gari imwagwe yote

Idi: 📷 Picha
Tumemaliza. Nimepanda kilima kilekile namba nne, inavuta vizuri na harufu hakuna 🙏🏾

Mjomba: Alhamdulillahi. Kesho izungushe hapo mjini kutwa nzima usiende mbali, ikikataa ikatae karibu na fundi. Cheni kaza na kupaka grisi, na breki angalia viatu vya nyuma, kwenda Kitonga unapanda ila kurudi unashuka. Kushuka tumia gia ndogo, usikanyage breki njia nzima zitachemka

Mama: Na wanyama Mikumi?

Mjomba: Dada asitoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, hifadhini apite kumeshakucha. Idi ukiona tembo barabarani simama mbali usipige honi, subiri avuke

Idi: Sawa mjomba. Kile kiroba cha mchele nakibeba?

Mama: Mchele unapanda basi, wewe beba suti tu