Ushauri: ndege niliyojiundia inapitisha mafuta lita 23 tu kwa saa, nimetafuta tatizo mpaka nimechoka

Mbawa za Bati
Wakuu habari za muda huu, naenda moja kwa moja. Nina kindege cha viti viwili cha bati la alumini, nimekiunga mwenyewe kipande kwa kipande mwaka wa sita huu, bawa liko chini, matenki mawili yako ndani ya mabawa, injini ni Rotax 912 ULS ile ya farasi 100. Riveti zimeisha, nyaya zimeisha, makaratasi yamebaki kidogo, sasa nimefika kwenye kupima mtiririko wa mafuta kabla ya kuruka mara ya kwanza ndio nimekwama.

Nilipandisha tairi la mbele juu ya mbao mpaka mkia ukakaribia kugusa chini, nikachomoa hozi kabla haijagawanyika kwenda kabureta mbili, nikawasha pampu ya umeme na kukinga kwenye ndoo yenye alama za lita. Lita 5 zimechukua dakika 13, yaani kama lita 23 kwa saa, wakati injini hii ikiwa inapaa na throto yote (gesi mpaka mwisho) inakunywa kama 27! Chujio nimefungua ni safi. Nikapuliza kwa mdomo kutoka upande wa pampu kurudi tenkini, hewa inapita vizuri kabisa, nasikia na mabubujiko.

Jamaa yangu ambaye ni rubani anasema nisijisumbue, kwa sababu tuliiwasha chini dakika kumi nzima, throto mpaka mwisho, haikukohoa hata mara moja. Mnasemaje?

Kunguru Mzee
Usiruke. Huyo jamaa yako mwambie apande yeye kwanza halafu tuone kama atarudia hayo maneno.

Kuwaka chini siyo ushahidi mkuu. Ndege ikiwa imesimama imekaa sawa pampu haina mlima mkali wa kupandisha mafuta, na propela ikiwa haitembei mbele injini mara nyingi haifiki hata zile rpm 5800 (mizunguko kwa dakika) za kupaa, kwa hiyo hainywi kiasi chake cha juu. Ukishanyanyua pua ndio deni linaanza kudaiwa, bakuli za kabureta zinaisha taratibu na wewe uko juu ya miti huna pa kugeukia.

Mfumo wa pampu unatakiwa utoe asilimia 125 ya kile injini inachokunywa wakati wa kupaa, wa kushuka kwa uzito wenyewe 150. Wewe una pampu, kwa hiyo 27 mara 1.25 ni kama lita 34, maana yake hizo lita 5 zijae ndani ya dakika 9. Na pua iwe juu digrii 5 zaidi ya pembe kali kuliko zote utakayopanda nayo, hiyo iko kwenye mwongozo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, unaitwa AC 90-89 kausome wote. Ulipima tenki likiwa na mafuta kiasi gani? Pima likiwa na kidogo, sio limejaa.

Bi Spana
Mleta uzi rudia kipimo kifuniko cha tenki kikiwa wazi. Mtiririko ukipanda, mchawi ni kibomba cha kuvutia hewa. Mimi nyigu alinijengea udongo ndani ya hicho kibomba, ukichungulia mdomoni unaona pako wazi, kumbe ndani kidole kizima cha udongo mkavu. Tangu hapo kila nikiegesha nakivalisha kitambaa chekundu.

Na tafadhali ndege ifunge waya wa kutoa umeme tuli kwenda ardhini na ndoo pia, kizimamoto kiwe karibu, milango ya banda wazi. Unacheza na petroli hapo.

Dogo Propela
Itakuwa inavuta hewa kwenye maungio, zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kila nati utapona

Kunguru Mzee
Dogo kwenye kuvuta hewa uko sahihi, ndege ya bawa chini hozi kabla ya pampu inaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone, wewe unaona pakavu unaridhika. Ila hiyo tepu HAPANA. Inachanika vinyuzi, vinyuzi vinasafiri mpaka kwenye kabureta.

Mbawa za Bati
Nimerudi. Kifuniko wazi nimepata dakika 12 na nusu, kwa hiyo hewa ya tenki sio tatizo. Tenki lina lita 8 tu. Nimeweka kipande cha hozi inayoona ndani kabla ya pampu, hakuna mapovu. Tepu sijaigusa.

Kunguru Mzee
Sasa rudi kwenye kupuliza kwako. Umepuliza kinyumenyume mkuu, mafuta hayaendi huko. Chukua hozi mpya ya muda, pampu ivute nayo moja kwa moja toka kwenye tenki upime, halafu ongeza swichi ya matenki (ile koki ya kuchagua tenki) upime, halafu chujio upime. Kipande kitakachokurudisha kwenye dakika 13 ndio mwizi wako.

Mbawa za Bati
Asee nimemkamata! Tenki na swichi ya matenki dakika 7 na nusu. Nikaunganisha kipande cha chujio, dakika 13. Nikaweka chujio jipya kwenye hozi zilezile, 13 tena. Nikachukua wembe nikaipasua kwa urefu ile hozi inayoingia kwenye chujio, ndani kuna ulimi wa mpira umejikunja, mdogo kama kucha ya kidole cha mwisho, umebaki umeshikilia upande mmoja. Mafuta yakija unalala juu ya tundu la chujio, nikipuliza kwa nyuma unafunguka, ndio maana nilikuwa naona pako sawa.

Na siku yenyewe naikumbuka, hozi ilikuwa inabana nikailazimisha kavu huku nazungusha, yale meno ya kiungio yakawa yanaukwangua mpira. Nimeweka mpya, nimepaka tone la oili kabla ya kuisukuma, nimepata lita 5 kwa dakika 7 na sekunde 40, kama lita 39 kwa saa.

Bi Spana
Hongera kaka. Ila hizo zingine ulizivisha mkono uleule, zipasue zote. Halafu umesema ujenzi mwaka wa sita, hozi ulinunua lini? Rotax wanataka hozi za mpira zibadilishwe kila miaka 5, zako zinaweza kuwa zimeshazeekea bandani kabla hazijaruka.

Mbawa za Bati
Duh. Nilinunua mwaka wa kwanza dada. Basi nang'oa zote.

Kunguru Mzee
Na tenki la kulia umepima?

Mbawa za Bati
Bado mkuu, yote haya ni la kushoto. Ngoja nikarudishe mbao.