Bush DAC90A: kapasita za nta nibadilishe zote au nibakishe za asili?

mawimbi_ya_kati: Wakuu, heshima mbele. Nina redio ya zamani, Bush DAC90A yenye ganda la bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), valvu (taa za kioo zinazokuza mawimbi na sauti) zote tano zipo: UCH42, UF41, UBC41, UL41 na UY41. Sauti inakoroma, UL41 inachemka mno, na kuna mvumo usiopungua hata nikishusha sauti. Ndani haijaguswa. Nataka ibaki na sura yake ya asili. Nianzie wapi?

fundi_saketi: Mkuu, usiiwashe tena kabla ya kupima kapasita inayopeleka sauti kwenye gridi (mguu wa kuingizia sauti) ya UL41, valvu ya kutoa sauti. Za karatasi na nta hunyonya unyevu na kuvujisha DC (umeme wa mkondo mmoja). Gridi ikishapata volti chanya, UL41 huvuta mkondo kupita kiwango, ikajichoma yenyewe na kuichosha UY41, valvu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa DC. Mkoromo wako unatoka hapo.

Fungua mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, weka mita kati ya mguu huo na chasi (fremu ya chuma ya ndani), washa dakika chache. Volti ikibaki inaonekana, kapasita imekufa. Usipime kwa kuchomoa UL41: filamenti (nyaya za kupasha valvu joto) zimeungwa mfululizo, ukitoa moja zote zinazimika.

Sura ya asili hailazimu utumbo wa asili. Pasha ganda la kapasita ya zamani joto kidogo, sukuma vya ndani vitoke, ingiza kapasita mpya ya filamu yenye thamani ileile, ya volti 630, kisha ziba ncha kwa nta. Zote za karatasi zifanyie hivyo, maana zimezeeka pamoja.

Mvumo ni kapasita za elektroliti za kuchuja umeme. Usizidishe ukubwa ulioandikwa kwenye mchoro ukidhani mvumo utaisha zaidi. Kila ukiwasha, UY41 ndiyo itakayobeba mshtuko wa kuzijaza.

bakelaiti: Kabla ya yote hayo: chasi ya redio hii ina umeme! Haina transfoma, waya mmoja wa ukutani umeungwa moja kwa moja na chasi. Waya huo lazima uwe wa nyutro (wa kurudisha umeme), si wa laini. Hakikisha kwa testa, na usiunge ethi kwenye chasi kamwe. Plagi iwe na fyuzi ya ampea 3, si 13. Mezani tumia transfoma ya kutenganisha, na mara ya kwanza pitisha umeme kwenye balbu ya waya ya wati 60 iliyofungwa mfululizo. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti. LED haifai kwa kazi hii.

Pawili using'ang'anie asili hata kidogo. Kapasita iliyokatiza nyaya mbili za umeme iwe daraja X2, na zile (haya ni madaraja ya usalama ya kapasita za umeme wa ukutani) kati ya matundu ya antena na ethi na chasi ziwe Y2. Za kawaida zikipiga shoti, waya wa antena unakuwa na umeme. Skrubu za vitufe vya kuzungushia nazo zizibe kwa nta, kwa kuwa chasi ina umeme.

mawimbi_ya_kati: Shukrani wakuu. UL41 ikiwa imeshakufa, nimeona EL41 kwa bei nzuri na soketi ni ileile. Itafaa?

fundi_saketi: Itaingia, ila usiweke. UL41 inataka volti 45 kwa miliampea 100. EL41 inataka volti 6.3 kwa zaidi ya miliampea 700. Haitapata joto, na wenzake kwenye mnyororo watapata mkondo uliozidi. Tafuta UL41 au iliyoandikwa 45A5, ni valvu hiyohiyo. UL84 filamenti yake inalingana, lakini ina miguu 9, itabidi ubadili soketi.

Ukichomoa valvu, vuta wima bila kuyumbisha. Miguu ni myembamba, kioo hupasuka kwenye shina lake.