Fundi kaniharibia boti kwa kutoa mashine ya ndani na kuweka ya kupachika!!

Wakuu nina hasira hapa hata kula sijala, wenye boti someni hii kabla hamjampa mtu hela.

Nina boti ya faiba futi 26 hapa Kilindoni, Mafia, ilikua na dizeli ya ndani silinda tatu imechoka, spea hakuna, nikaamua niweke ya kupachika, ile inayoning'inia nje nyuma ya boti, Yamaha Enduro 40, maana pwani nzima mafundi wanaijua. Wazo halina shida kabisa. Shida ni huyu anayejiita fundi wa boti.

Boti ya mashine ya ndani uzito wake uko katikati, ndo ilivyojengwa. Ukitoa dizeli na giaboksi yake halafu ukatundika mashine nyuma kabisa lazima tenki na betri visogee mbele, yeye vyote kavirundika tezi, yaani nyuma, na nahodha anakaa hukohuko! Sasa omo, yaani mbele, inatazama juu, tezi imezama mpaka yale matundu ya kutolea maji yako chini ya maji, yanaingiza badala ya kutoa.

Ubao wa nyuma ndo balaa. Zamani msukumo wote ulikua unaenda kwenye kitanda cha mashine kule chini, ule ubao haukubeba kitu. Alitakiwa aongeze pleiwudi nzito, aifunge kwa faiba mpaka kwenye mataruma, zile mbavu za boti. Yeye katoboa matundu manne kakaza bolti basi, hata bamba la ndani hakuna. Juzi nimefungua bolti moja, kilichotoka ni mbao nyeusi imelowa laini kama ugali wa muhogo.

Na mashine kachagua yeye, ubao una kimo cha inchi 25 kaleta ya shafti inchi 20! Lile bamba la juu ya panga (propela) linatakiwa lilingane na chini ya boti, langu limepanda inchi tano, bahari ikichafuka kidogo panga linavuta hewa, mashine inapiga kelele boti haiendi, na maji ya kupoozea hayanyonywi inachemka. Nikimuuliza anasema tukate ubao ushuke. Mkondo wa Mafia huu wakati wa kusi, wimbi la nyuma si litaingia lote ndani na abiria??

Tundu la shafti ya zamani kaziba kwa kipande cha mti na silikoni. CHINI YA MAJI. Hiyo inasagwa pande zote inajazwa faiba na rezini tabaka kwa tabaka, kila fundi wa kweli anajua. Halafu petroli sio dizeli jamani, mvuke wake mzito unashuka unalala ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti, na humo kaacha pampu ya zamani na nyaya zimechubuka, cheche moja tu watu wanaungua.

Msimu wa papa potwe ndo unaanza, wageni wanapiga simu, boti iko mchangani na yeye hapokei simu. Nataka hela yangu irudi yote. Na mwenye kumjua fundi wa faiba aliyewahi kufanya hii kazi ikakaa, awe Dar, Tanga au Unguja, anicheki inbox leo leo.