Bethidei ya mtoto: haramu, au inategemea inavyofanywa?

Mama wa Mkoani
Assalaam alaykum. Mwanangu wa kike anatimiza miaka sita mwezi ujao. Wenziwe skuli wanakatiwa keki, naye anataka. Shangazi yake anasema ni kuwaiga Manasara, haramu. Baba yake anasema mbona Maulidi tunasoma? Tena akika, mnyama wa kumchinjia mtoto anapozaliwa, hatukumfanyia. Wakati umeshapita?

Mwanafunzi wa Fiqhi
Waalaykumu salaam. Hakuna aya wala hadithi inayoitaja bethidei, ndipo wanavyuoni walipokhitilafiana. Suali lao ni moja: hii ni sikukuu au ni ada? Ibn Baz na Ibn Uthaymin, wanavyuoni wa Saudia, wameihesabu sikukuu, wakaikataza. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo, Idi ya Kuchinja na ya Kufungua (katika vitabu vya hadithi vya Abu Daud na Nasai, kutoka kwa sahaba Anas). Wanaongeza na hadithi ya mwenye kujifananisha na watu kuwa ni miongoni mwao. Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa ya Misri, imeihesabu ada, na ada asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuizuia. Kwa hiyo shangazi ana wanavyuoni nyuma yake, lakini "haramu" bila ya kutaja khitilafu ni kuzidisha.

Mtu wa Malindi
Baba naye asiegemee sana Maulidi. Wanaosoma Barzanji, kitabu cha Maulidi, Mfungo Sita (Rabiul Awwal) wanashika hadithi ya Muslim kutoka kwa Abu Qatada: Mtume aliulizwa kuhusu funga ya Jumatatu, akasema ndiyo siku aliyozaliwa. Hapo pana funga, tena ya kila wiki. Keki haimo. Na anayesema bethidei ni bidaa, yaani ibada ya kuzua, aangalie vilevile: mkata keki kwa kawaida hadai thawabu, basi hoja inayombakia ni ya kujifananisha.

Mimi naona ugomvi wa hukumu unatusahaulisha yaliyo wazi zaidi. Kumwagiana unga na mayai ni israfu, chakula kinakwenda mtaroni. Kukopa ili usionekane mnyonge mbele ya majirani, hivyohivyo. Mapambo laini ya keki na peremende za kutafuna huweza kuwa na jelatini, kitu cha kugandishia kinachotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, nayo ikiwa ya nguruwe hailiwi, kwa hiyo someni paketi. Ukitaka kutoka kwenye khitilafu, acha mishumaa na wimbo, mpikie anachokipenda siku yoyote, umuombee dua.

Mwanafunzi wa Fiqhi
Sasa akika, maana hii ni sunna iliyothibiti na ndiyo inayoachwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, bora ni siku ya saba, na siku ya kuzaliwa inahesabiwa: aliyezaliwa Ijumaa mchana, saba yake ni Alkhamisi. Ikipita, mlezi bado anayo nafasi mpaka mtoto abaleghe. Baada ya hapo mwenyewe anaweza kujichinjia. Wa kike mbuzi mmoja, wa kiume wawili, na mmoja hutosha kwa asiye na uwezo. Mbuzi awe ametimiza miaka miwili, kondoo mwaka mmoja au awe ameng'oa meno ya mbele. Kilema, mgonjwa na aliyekonda sana hawafai. Fungu moja kati ya mafungu saba ya ng'ombe linasimama mahali pa mbuzi mmoja. Pesa zitoke kwenu wazazi, si katika mali ya mtoto.

Nyama ni vizuri ikatwe kwenye viungo bila ya kuvunja mifupa, ipikwe na kitu kitamu kwa kumtakia mtoto tabia njema, na sehemu wapewe masikini.

Mama wa Mkoani
Ahsanteni. Na nikinunua nyama kilo kumi sokoni Chake, nikapika nikagawa?

Mwanafunzi wa Fiqhi
Hiyo ni sadaka, si akika. Akika ni kuchinja kwa nia, na mnyama wa sokoni kachinjwa kwa biashara. Mnunue akiwa hai, utie nia au umwakilishe mchinjaji kabla hajashika kisu. Kuku hafai. Na ukitaka wenziwe wa skuli waje kula pilau, waalike tu.