Tupeane uzoefu: aironi, mpira kwanza nyasi baadaye

FimboSaba

Wakuu, uzi huu ni wa aironi tu, zile fimbo za gofu zenye kichwa chembamba cha chuma. Dreva, fimbo ndefu ya kuanzia shimo, ina vurugu zake, tuitafutie siku nyingine. Ombi moja: simulizi za raundi tuziweke pembeni, mtu alete kitu ambacho mwenzake atakwenda nacho renji (uwanja wa mazoezi) kesho akijaribu. Maelezo yote yawe kwa anayepiga kulia, wa kushoto mtageuza wenyewe.

Naanza na kiini. Fimbo inachora tao, na tao lina sehemu ya chini kabisa. Kwa aironi sehemu hiyo lazima iwe mbele ya mpira, upande wa shimo. Wachezaji wazuri huifikisha sentimita 10 hivi mbele, na aironi 7 ya mchezaji wa kulipwa hukutana na mpira ikiwa bado inashuka kwa takriban digrii 4. Kwa hiyo divoti, yaani kipande cha nyasi kinachong'olewa na fimbo, inaanza pale mpira ulipokuwa, kisha inakwenda mbele. Sehemu ya chini ikibaki nyuma ya mpira, yatatokea mawili: ama unachimba ardhi kwanza na mpira unakufa njiani, ama fimbo inapita juu ya nyasi, inaanza kupanda na kuukata mpira tumboni. Watu hudhani haya ni magonjwa mawili tofauti na kuyatafutia dawa mbili. Ni moja.

Wengi hukwama kwa sababu wanataka kuunyanyua mpira. Hiyo kazi ni ya lofti, yaani mwinamo wa uso wa fimbo. Aironi 7 ina lofti ya digrii 30 hivi. Hata ukiipiga ikishuka, mpira utapanda.

Zoezi la kupima ni hili. Kwenye mchanga wa banka (shimo la mchanga) la mazoezi chora mstari unaokatisha mwelekeo wa shabaha. Simama mstari ukiwa mbele kidogo ya katikati ya miguu yako. Bila mpira, swingi mara kumi ukisogea hatua moja kufuata mstari kila mara, kisha angalia alama. Zote zianze kwenye mstari au mbele yake. Zikianzia nyuma, usiweke mpira kwanza, maana mpira hautarekebisha chochote.

Divoti_Nyembamba

Umemaliza mkuu, ila nusu ya tatizo hilo iko kwenye kusimama, kabla fimbo haijatikisika.

Nafasi ya mpira: wedji (fimbo fupi zenye lofti kubwa) na aironi 9 na 8, katikati ya miguu. Aironi 7 na 6, sogeza mbele kwa upana wa mpira mmoja. 5 na 4, mipira miwili. Kuna wanaorudisha mpira hadi mguu wa nyuma "ili wapige chini". Ni kweli utaugusa mpira kwanza, lakini unaufumba uso wa fimbo, unaua lofti, mpira unatoka chini chini na hausimami kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo.

Uzito uanze asilimia 55 hivi mguu wa mbele, yaani wa kushoto. Mikono ining'inie chini ya mabega, kati ya mwisho wa gripu (mpini wa fimbo) na paja pawe na nafasi ya ngumi moja na ziada kidogo. Mwisho wa gripu uelekee ndani ya paja la kushoto, basi. Ukiusukuma mbele zaidi ya hapo ukingo wa chini wa fimbo utachimba kama jembe.

Gripu kwa maana ya kushika: ukiangalia chini uone vifundo viwili, hadi viwili na nusu, vya vidole vya mkono wa kushoto. Mshiko upite kwenye vidole, usilale kwenye kiganja. Ukilala kwenye kiganja, kifundo cha mkono hakikunjiki, na fimbo isiyokunjwa wakati wa kupanda haina cha kufungua wakati wa kushuka.

Mguu_wa_Mbele

Nataja sababu zinazorudisha sehemu ya chini nyuma, maana dawa inategemea sababu.

Kwanza ni uzito kubaki mguu wa nyuma. Utaijua hii ukimaliza swingi huku soli nzima ya kiatu cha kulia bado iko chini. Mchezaji mzuri akigusa mpira wa aironi, asilimia 80 hivi ya uzito iko mbele. Na uhamisho huo hauanzi fimbo ikiwa inashuka. Unaanza mikono ikiwa bado inamalizia kupanda: nyonga ya kushoto inasogea mbele kidogo kisha ndipo inageuka. Anayegeuka tu bila kusogea anazunguka juu ya mguu wa nyuma.

Pili, kuitupa fimbo mapema. Vifundo vya mikono vinafunguka mikono ikiwa bado kwenye usawa wa kifua, kichwa cha fimbo kinaipita mikono kabla ya mpira. Ishara yake: kiwiko cha kushoto kimekunjika wakati wa kupiga na mpira unapanda juu sana bila umbali.

Tatu, makalio kusogea kuelekea mpira wakati wa kushuka. Mwili unainuka, mikono inakosa nafasi. Weka kiti au mfuko wa fimbo uguse makalio unaposimama. Ukifika kwenye mpira, kalio la kushoto liwe bado linagusa.

Nne, kuyumba kulia wakati wa kupandisha. Ukiyumba sentimita 10 kulia inabidi urudi zote 10 kwa wakati, na hakuna anayeweza hivyo kila mara.

Zoezi: kunja taulo, liweke sentimita 10 nyuma ya mpira, piga bila kuligusa. Anza na nusu swingi, mikono isizidi usawa wa kiuno kupanda na kumalizia.

Kedi_Mstaafu

Hiyo 10 ni ya mtu aliyekwishaiva, mkuu. Anayeanza aweke taulo sentimita 20 nyuma, akipita safi mipira mitano mfululizo alisogeze. Ukimpa 10 siku ya kwanza ataanza kuinua mikono ili kulikwepa, mazoezi yazae kosa jipya. Na msiweke kijiti au ubao badala ya taulo, mtavunja fimbo au vifundo.

Nyasi_Halisi

Tahadhari kwa wanaopiga kwenye zulia la renji. Zulia linasema uongo. Fimbo ikitua sentimita 5 nyuma ya mpira inateleza juu ya zulia na kuingia chini ya mpira, mpira unaruka vizuri, unarudi nyumbani umefurahi. Kwenye nyasi pigo lile lile linafia mita 40 mbele yako. Sikiliza sauti: pigo safi hutoa mlio mmoja mkavu, la kuchimba hutoa mshindo mzito kabla ya mpira. Taulo lina kazi zaidi kwenye zulia kuliko popote. Na viwiko vikianza kuuma kwa sababu ya zulia gumu, acha. Si ushujaa.

Shingo_ya_Fimbo

Tumezungumza mbele na nyuma, hatujagusa ndani na nje: kisigino (upande wa shingo) au ncha (upande wa mbali) ya uso wa fimbo.

Nyunyiza poda ya miguu ya kopo, au paka chokaa, kwenye uso wa fimbo. Piga mipira mitano na ufute kila mmoja. Alama zikirundikana sehemu moja, tatizo ni umbali wa kusimama au mwendo mmoja unaojirudia. Zikitawanyika, usirekebishe kitu, punguza kasi kwanza.

Shenki, yaani mpira kugonga shingo ya fimbo na kuchomoka kulia karibu pembe mraba, ndilo pigo linalotisha kuliko yote, na hofu yake huleta lingine. Watu husimama mbali zaidi na mpira kuikimbia, wanalemea vidole vya miguu, mwili unaanguka mbele, shenki inarudi. Uzito uwe katikati ya soli. Kisha chomeka tii (kijiti cha kuwekea mpira) ardhini sentimita 3 nje ya ncha ya fimbo ukiwa umeiweka nyuma ya mpira. Piga mpira uiache tii imesimama. Ukiigonga, mikono inasukumwa nje, na mara nyingi chanzo ni yale makalio aliyoyataja Mguu_wa_Mbele hapo juu.

Alama za kwenye ncha ni kinyume chake: unajivuta, unainuka, au mkono wa kushoto unajikunja.

Dira

Mwelekeo. Mpira unaanza safari karibu na pale uso wa fimbo unapotazama wakati wa kugusana, na unapinda kutokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Ukilielewa hili utaacha kubahatisha. Mpira unaanza kushoto na kwenda moja kwa moja: uso na njia vyote viko kushoto. Unaanza kushoto kisha unarudi kulia: njia iko kushoto zaidi ya uso, fimbo inakata kutoka nje kuja ndani. Unaanza kulia na kuzidi kupinda kulia: uso umefunguka kuliko njia, angalia gripu kabla ya kitu kingine.

Anayekata kutoka nje na mpira ukaenda kushoto hujisahihisha kwa kulenga kulia, na kadiri anavyolenga kulia ndivyo bega la kulia linavyowahi kuruka juu kuurudisha mpira. Weka vijiti viwili ardhini, kimoja kuelekea shabaha, kingine sambamba kwenye vidole vya miguu. Miguu ielekee kushoto kidogo ya shabaha, sambamba na kijiti cha kwanza, si kwenye shabaha yenyewe. Ajabu ni watu wangapi hawajawahi kupima hili.

Mgeni_wa_Renji

Swali: divoti zangu zina kina upande wa ncha. Ni swingi au ni fimbo?

Shingo_ya_Fimbo

Inaweza kuwa yote mawili, ila fimbo hupimwa haraka. Ncha ikichimba zaidi, fimbo imelala mno kwako (pembe kati ya mti wake na ardhi ni ndogo mno) au mikono yako imeinuka mno. Kisigino kikichimba, imesimama mno na mpira huwa unakwenda kushoto.

Chora mstari wima kwa kalamu ya wino mzito upande wa mpira unaopigwa, piga, angalia alama iliyohamia usoni. Ikisimama wima, uko sawa. Juu yake ikiinamia ncha, fimbo imesimama mno. Ikiinamia kisigino, imelala mno. Rudia mara tano ndipo uamue. Fundi anaweza kukunja shingo digrii 1 au 2. Za kufuliwa kwa chuma laini zinakunjika vizuri, za kumiminwa baadhi hugoma na zinaweza kuvunjika, muulize kabla.

Na ukilinganisha umbali na mwenzako, linganisheni lofti, si namba. Aironi 7 ya zamani ilikuwa digrii 34 au 35. Nyingi za sasa ni 30 au pungufu.

FimboSaba

Nyongeza kwa wanaong'ang'ania aironi 3 na 4. Mabingwa wa Marekani walizitumia: Ben Hogan alipiga aironi 1 shimo la 18 uwanja wa Merion mwaka 1950, na Jack Nicklaus aligonga kijiti cha bendera kwa aironi 1 uwanja wa Pebble Beach mwaka 1972. Wote wawili walikuwa na kasi ya kichwa cha fimbo ambayo wengi wetu hatuna. Bila kasi hiyo mpira haupandi wala hausimami. Sheria inaruhusu fimbo 14, haikulazimishi ziwe aironi. Weka haibridi (mseto wa aironi na fimbo ya kichwa kinene) mahali pa 4, na kwa wengine hata pa 5.

Kedi_Mstaafu

Kitu kidogo ambacho hakihitaji mazoezi: brashi. Mifereji ya uso ikijaa udongo, mpira haupati mzunguko. Hali hiyo hiyo hutokea nyasi ndefu au zenye maji zikiingia kati ya uso na mpira: mpira unatoka na mzunguko mdogo, unaruka mbali kuliko ulivyokusudia na ukitua unaendelea kukimbia. Hapo chukua fimbo fupi kwa namba moja na ulenge mbele ya grini.