Vikao vya mwanasaikolojia hapa Tanga: nilipe mfukoni au nipitie bima?

MkaziWaChumbageni:

Assalam aleikum ndugu zangu. Tangu kaka yangu afariki dunia mwaka jana, usingizi wangu haujatulia. Huamka usiku wa manane moyo ukinienda mbio, na hesabu za kufunga mwezi, ambazo zamani nilizimaliza kabla ya adhuhuri, sasa hunikawiza ofisini hadi magharibi. Daktari aliyenipima moyo na kuukuta mzima amenishauri nimwone mwanasaikolojia. Yupo mmoja hapa mjini mwenye ofisi yake, naye hutoza shilingi 60,000 kwa kikao, kila wiki. Bima niliyokatiwa na mwajiri ni ya kampuni binafsi. Kijitabu chake kinasema magonjwa ya akili hulipiwa kwa idhini ya awali, ndani ya kikomo cha matibabu ya mgonjwa asiyelazwa, lakini mtaalamu huyu hayumo katika orodha yao. Nilipopiga simu, mhudumu aliniambia nilete risiti, "tutaona". Je, nilipe kwanza kisha nidai, au ipo njia iliyo bora zaidi? Na je, afisa utumishi wetu atajua ninatibiwa nini?

KaraniWaMadai:

Wa aleikum salaam, na pole kwa msiba. Kazi yangu ni kupitia madai ya bima, hivyo nitakueleza namna karatasi yako itakavyosomwa ikifika mezani. Anayeipitia hutazama kwanza nani amesaini, kisha ameandika ugonjwa gani. Madai huandikwa kwa misimbo ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, na katika toleo lake la kumi, kufiwa na ndugu kuna msimbo wake, Z63.4, ambao haumo miongoni mwa maradhi bali katika mambo ya maisha yanayoweza kuathiri afya. Dai lenye msimbo huo peke yake hukataliwa kwa urahisi sana. Sonona ni F32, na hali ya mtu kushindwa kurejea sawa baada ya tukio zito ni F43.2, na hizo husomwa kuwa ni maradhi. Sisemi umwombe daktari aandike asichokiona, kwa kuwa huo ni udanganyifu na utaumbuka. Ninasema upimwe na daktari kwanza, ili kama ugonjwa upo, utajwe kwa jina lake, kuliko kuingia moja kwa moja kwa mwanasaikolojia akakuandikia "ushauri nasaha" kwenye risiti ukabaki huna la kudai.

Hiyo "tutaona" ya kwenye simu si idhini. Waandikie barua pepe, uwaulize kama mtaalamu asiye kwenye orodha hulipiwa kwa njia ya kurudishiwa fedha, kiasi gani kwa kikao, vikao vingapi kwa mwaka wa bima, na dai liwasilishwe ndani ya siku ngapi. Uliza pia kuhusu tatizo lililoanza kabla ya mkataba, maana kifungu hicho huwanasa wengi. Risiti iwe ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye jina lako na tarehe ya kila kikao. Ile ya kitabu cha dukani haitakufikisha mbali. Wakikukatalia bila sababu ya msingi, lalamika kwao kwa maandishi, na usiporidhika umfikie Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kuhusu mwajiri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Siri huvuja zaidi pale mfanyakazi mwenyewe anapopitisha fomu mezani kwa afisa utumishi ili "zipelekwe pamoja". Peleka zako moja kwa moja kwenye kampuni ya bima, ndani ya bahasha iliyofungwa.

NesiMstaafu:

Mwanangu, pole sana. Kabla hujafika mbali, kama umeoa, mkeo ameajiriwa wapi? Nauliza kwa sababu mtumishi wa umma huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri, na mchango huo humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wengine hadi wanne. Ikiwa jina lako limo, nenda hospitali ya Bombo, kliniki ya afya ya akili, upimwe na upate barua ya daktari bila kugusa mshahara wako. Najua wengi hapa mjini wanadhani kliniki hiyo ni ya waokota makopo tu, kumbe ukikaa kwenye benchi utakuta pembeni yako mwalimu, mama lishe, na kijana wa bodaboda aliyeficha uso kwa kofia. Wengine ukiwatajia akili wanaikumbuka Lutindi, kule milimani Korogwe, lakini ile ni hospitali ya kulaza wagonjwa, wewe hujafika huko.

Usitarajie tu kwamba daktari wa kliniki atakaa nawe saa nzima mkizungumza, kwani watu ni wengi. Akikuandikia dawa za sonona, fahamu kwamba aghalabu huchukua wiki mbili hadi nne kuonesha nafuu. Usiziache siku ya tano ukasema hazifai, wala usizikatishe mwenyewe ukishapata nafuu.

MvuviWaMkwakwani:

Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia. Mwenye uwezo alipe mfukoni aanze mapema, maana kusubiri idhini nako kuna gharama yake. Jambo la kuuliza ni mwisho wa safari uko wapi: tiba ya kurekebisha fikra na tabia kwa mtu mwenye sonona huwa mara nyingi kati ya vikao 12 na 20, na kwa bei uliyotaja hiyo ni shilingi 720,000 hadi 1,200,000. Mwambie mtaalamu bajeti yako siku ya kwanza. Wapo wanaopunguza bei kulingana na kipato, na nafuu ikianza kuonekana vikao vinaweza kuwa vya kila baada ya wiki mbili. Mwombe pia akuoneshe vyeti vyake. Kuna watu wamehudhuria semina za mwisho wa wiki, wakanunua sofa wakafungua ofisi. Ajabu yetu ni kwamba mganga tunampa fedha na kuku mweusi bila kumwuliza alikosomea.

MkaziWaChumbageni:

Nawashukuru nyote. Mama nesi, umegusa penyewe: mke wangu ni mwalimu wa sekondari ya serikali na jina langu limo kwenye bima yake, ila sijawahi kuitumia. Kampuni ya bima nayo imejibu kwa maandishi: watanirudishia shilingi 30,000 kwa kikao, vikao 6 kwa mwaka, kwa sharti la rufaa ya daktari wa magonjwa ya akili, na madai yafike ndani ya siku 60. Mtaalamu amenionesha shahada yake na anayo mashine ya EFD. Vikao vinavyobaki nitajilipia. Swali la mwisho: je, ni halali kupata rufaa kwa kadi ya mke wangu kisha nikadai vikao kwa bima ya kazini?

KaraniWaMadai:

Ni halali, mradi huduma moja isidaiwe sehemu mbili. Kliniki italipiwa na Mfuko, vikao vitalipiwa na kampuni. Angalia tarehe tu: barua ya rufaa itangulie kikao cha kwanza. Ikiandikwa baada yake, hata kwa siku moja, kikao hicho utajilipia mwenyewe, kwa hiyo usiweke miadi na mwanasaikolojia kabla barua haijawa mkononi, na ubaki na nakala yake.